Yampasayo Mtu Kujua Kabla ya Kujenga Nyumba

Watu wengi hudhani kuwa mtu akiisha kununua kiwanja ana ruhusa ya kujenga humo lo lote alipendalo. Sivyo. Kununua kiwanja ni jambo moja, na kuruhusiwa kujenga ni jambo jingine. Yafaa wajuao kusoma wawaeleze jirani zao habari hii, maana hasara ya kutoijua ni kubwa.

Desturi ya kugawa mji sehemu sehemu si ngeni. Katika mwaka 1891 Wadachi waliweka amri Dar es Salaam ya kutenga sehemu za mji kwa namna ya majengo: huku nyumba za mawe za Kizungu, huku nyumba za udongo na makuti. Waingereza nao walifuata mgawanyo huo, hata mji ukawa na Uzunguni, Uhindini na Kariakoo. Kanuni zile zilitaja nyumba, lakini zilitenga watu. Sheria ya Mipango Miji ya Tanzania ya mwaka 2007 haiulizi rangi ya mtu. Huuliza ardhi itatumiwa kwa kazi gani.

Basi ramani ya mji huonyesha mahali pa makazi, pa biashara, pa viwanda, pa shule, na pa wazi. Sababu zake ni dhahiri. Kiwanda kikiwa kati ya nyumba, wakaao humo hupata moshi na makelele. Tena nyumba zikibanana, moto ukiwaka gari la zimamoto halina njia.

Mtu atakaye kujenga mjini afanye hivi. Kwanza, kabla ya kutoa fedha, aende kwa afisa ardhi wa halmashauri aulize kiwanja kile kimetengwa kwa matumizi gani. Pili, ahakikishe kuwa kimepimwa na mipaka yake ina mawe. Tatu, apeleke michoro ya nyumba aombe kibali cha ujenzi, wala asichimbe msingi kabla ya kukipata. Karatasi ya mauziano, hata ikipigwa muhuri wa mtaa, si kibali.

Pana mahali palipokatazwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu katika mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga mita 30 kila upande wa barabara kuu, kuanzia katikati yake. Mwezi wa Desemba mwaka 2015 nyumba nyingi katika bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, zilibomolewa, na wenyewe wakabaki na vyombo vyao nje wakati wa mvua.

Wakaao vijijini wasidhani kuwa hayo hayawahusu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hutofautisha ardhi ya wote, ardhi ya mtu au jamaa, na ardhi ya akiba. Ajengaye katika malisho ya wote amechukua haki ya wenziwe. Aulize kwanza halmashauri ya kijiji, aonyeshwe mpango wa matumizi ya ardhi.

Safari moja ya ofisini ni gharama ndogo kuliko nyumba iliyobomolewa. Majuto ni mjukuu.