Sura ya Tano: Jiwe Ndani ya Tone

Boti ilikuwa ya buluu iliyokolea, na niliiosha kwa mikono yangu mwenyewe. Ilikuwa imesimama juu ya trela uani kwangu Kiamunyi, saa sita mchana, jua la Januari likiwa utosini. Niliisugua kwa sabuni, nikaisuuza kwa mpira mpaka ikang'aa, nikafunga mfereji na kuingia ndani kunywa chai. Nilipotoka, ubavu wake wote ulikuwa umegeuka mgongo wa kanga: vidoa vyeupe vya duara, mamia kwa mamia, tangu omo hadi tezi.

"Mzee, hayo ni maji ya Naivasha," akaniambia kijana anayenisaidia kazi. "Lile ziwa siku hizi limejaa dawa za mashamba ya maua."

Nilimwamini, na kwa muda mrefu nikalilaumu ziwa. Naiandika sura hii kwa sababu sote wawili tulikosea, na kosa letu nimelisikia tena na tena kwa watu wenye boti kati ya Naivasha na Baringo. Madoa yale hayakutoka ziwani. Yalitoka kwenye mfereji wangu.

Usikubali kwa kuwa nimesema mimi. Chukua kipande cha kioo, kipake rangi nyeusi upande mmoja, kisha kilaze juani, upande usiopakwa ukiwa juu. Dondosha matone matatu yaliyoachana: la maji ya mvua, la maji ya ziwa na la maji unayooshea boti. Subiri yakauke. Kwangu mimi tone la mvua liliacha alama ambayo huioni mpaka uinamishe kioo. Tone la Naivasha liliacha utando mwepesi wa kijivu. Tone la kisima cha mtaani kwetu liliacha pete nyeupe kamili, na nilipoipitishia kidole kilicholowa haikutoka yote.

Kiamunyi iko magharibi ya Nakuru, kwenye barabara ya kwenda Kabarak na Eldama Ravine, chini ya miteremko ya Menengai. Ardhi hii ni majivu na mawe ya volkano, tabaka juu ya tabaka. Mvua inayozama hapa hushuka polepole, na kadiri inavyokawia ndivyo inavyoyeyusha mawe: hubeba sodiamu, bikaboneti, floridi na silika. Tunaoishi Nakuru hatuhitaji maabara ili kulijua hilo. Meno ya kahawia ya wengi waliokulia hapa ni kazi ya floridi hiyo hiyo, na ndiyo sababu Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru kwa miaka mingi imefanya kazi ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa. Mji wetu unategemea sana visima virefu, kama vile vya Kabatini na Baharini, na mitaa ya pembeni kama Kiamunyi ina visima vya watu binafsi pia. Maji yakifika mferejini yanakuwa yamekaa na mawe muda mrefu sana.

Naivasha ni kinyume chake. Hakuna mto unaotoka katika ziwa lile, kwa hiyo mtu angetarajia liwe na chumvi kama Nakuru na Elementaita. Lakini maji yake huvuja chini kwa chini, nayo hutoka na chumvi zake, huku mto Malewa ukileta maji mapya kutoka milima ya Aberdare. Baringo nalo hubaki na maji baridi kwa njia kama hiyo, ingawa ni la rangi ya udongo. Ziwa Nakuru halina pa kutolea. Jua hunywa maji na kuacha magadi. Basi boti zetu hufanya kazi kwenye maji yenye madini machache, halafu tunazileta nyumbani na kuzisuuza kwa maji yenye madini mengi.

Tone linapokauka, kinachoruka angani ni maji peke yake. Tuseme maji yako yana miligramu 400 za madini katika kila lita, na lita 2 zimebaki zimetapakaa juu ya boti ulipofunga mfereji. Jua likimaliza kazi yake, miligramu 800 za mawe zimelala juu ya rangi yako. Ukiosha hivyo kila wiki kwa mwaka mzima, umepaka zaidi ya gramu 40. Hiyo ni chokaa, na wewe ndiye uliyeipaka.

Umbo la pete lina maelezo yake pia. Mwaka 1997 Robert Deegan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kwa nini tone la kahawa likikauka mezani huacha duara jeusi pembeni na weupe katikati. Ukingo wa tone umeng'ang'ania mahali pake, na huko ndiko maji yanakokauka haraka zaidi. Maji ya katikati hukimbilia ukingoni kujaza pengo, nayo hubeba kila kilichomo. Ndivyo inavyokuwa kwenye ubavu wa boti: madini hayatandazwi, hukusanywa kwenye mstari mwembamba, na mstari huo huwa mnene kiasi cha kuonekana kutoka ng'ambo ya ua.

Hapa nta huwadanganya wengi. Boti iliyopakwa nta vizuri huyafanya maji yajikunje kuwa shanga, na mwenye boti hufurahi kuziona. Lakini kila shanga ikiachwa juani ni pete inayosubiri kuzaliwa. Nta haizuii madoa. Inachofanya, na si jambo dogo, ni kuyazuia yasishike rangi yenyewe. Doa lililo juu ya nta hutoka kwa kitambaa. Doa lililoshika faiba iliyo wazi litakutoa jasho.

Sasa tuje kwenye kuyatoa. Pete nyeupe haikutengenezwa na kitu kimoja, na ndiyo maana jirani atakupa dawa iliyomfaa na wewe isikufae. Sehemu yake ni magadi, yale yale tunayotia kwenye githeri ili maharagwe yaive upesi. Magadi huyeyuka kwa maji, kwa hiyo anza na maji ya mvua na sabuni laini ya maji. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia, kwa sababu ni kali na huondoa nta. Kausha, kisha tazama kilichobaki.

Kilichobaki mara nyingi ni chokaa, yaani kalisi iliyogeuka kuwa kaboneti. Hii huiogopa asidi. Siki nyeupe ya dukani ina asidi kama asilimia 5. Ichanganye nusu kwa nusu na maji, lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa kwa dakika moja au mbili, kisha futa na usuuze. Maji ya ndimu hufanya kazi hiyo hiyo. Fanya kivulini, boti ikiwa ya baridi ukiigusa, sehemu ndogo ndogo, na usiruhusu siki ikaukie pale. Ilinde trela na sehemu za alumini za injini. Na ukumbuke kwamba siki inapoondoa chokaa hudhoofisha nta pia, kwa hiyo siku ya siki iwe siku ya nta.

Ikiwa baada ya siki pete bado ipo, umekutana na silika, na hapa ndipo bonde letu linapotofautiana na sehemu nyingi. Silika ndiyo inayotengenezea kioo. Siki haiiwezi, ndimu haiiwezi, sabuni ndiyo kabisa. Wahandisi wa mvuke wa Olkaria wanaifahamu vizuri: maji ya moto yanayopanda kutoka chini huja na silika iliyoyeyuka, na yanapopoa huiacha ndani ya mabomba kama ganda gumu. Doa lako ni mtoto mdogo wa ganda lile.

Asidi inayoyeyusha silika ipo, ni ile ya floridi, na nakuomba usiikaribie. Hupenya ngozi bila maumivu makubwa mwanzoni, ikafika mpaka kwenye mfupa, na imewahi kuua watu. Dawa kali za kusafishia magurudumu ya magari huwa nayo nyakati nyingine. Kama chupa haina maandishi ya kueleza kilichomo, iache dukani. Nimeona pia watu wakitumia dawa ya choo na hata asidi ya betri. Hizo haziigusi silika kabisa, ila huharibu faiba, trela na mikono.

Silika huondolewa kwa kusuguliwa, na kusugua kwenyewe kunataka akili. Ngozi ya nje ya boti ya faiba, ile mafundi wanaita jelikoti, ni nyembamba kama nusu milimita. Ukiimaliza umefika kwenye nyuzi, na maji yataingia. Kwa hiyo usishike nyuzi za chuma za kusugulia sufuria wala msasa wa seremala. Tafuta polishi ya boti au ya gari iliyo laini kuliko zote dukani, itie kwenye kitambaa cha pamba, na usugue kwa mzunguko eneo la ukubwa wa kiganja. Ikishindwa, panda daraja moja la ukali, kisha umalizie tena na ile laini. Kazi hii ni ya polepole. Boti yangu ya buluu ilinichukua Jumamosi mbili.

Katika polishi nyingi kinachosugua ni unga laini sana wa madini, na aina mojawapo inayotumika tunayo hapa jirani. Ukitoka Nakuru kwenda Gilgil, karibu na Elementaita, kuna machimbo ya Kariandusi, kuta nyeupe kama unga wa ngano. Ule weupe ni daiatomaiti: magamba ya viumbe wadogo wa majini wasioonekana kwa macho, walioishi katika ziwa la kale lililokuwa kubwa kuliko maziwa tuliyo nayo leo. Walijijengea magamba yao kwa silika waliyoipata katika maji ya volkano. Silika iliyotia doa na silika inayoliondoa zimetoka katika mawe ya namna moja. Lakini usiende kuchota unga mbichi pale ukausugulia boti. Chembe zake hazijachujwa zikalingana, na vumbi lake halifai mapafuni.

Kabla hujasugua, hakikisha unachokiona ni doa. Pitisha kiganja kwenye faiba iliyokauka. Kikitoka na unga mweupe, si maji yaliyofanya hivyo, ni jua limechosha jelikoti. Miale mikali ya jua huongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1000 unazopanda, na Naivasha iko karibu mita 1900 juu ya bahari, tena karibu na ikweta. Boti ya faiba huku huzeeka upesi kuliko mwenzake aliyeko Kilindini. Turubai lenye kupitisha hewa litaiokoa kuliko polishi yoyote.

Mafundi wa pwani, tangu Lamu hadi Zanzibar, walijua kwamba kila sehemu ya chombo ina adui wake. Chini walipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Juu walipaka sifa, mafuta ya samaki yenye harufu ya kukufukuza gatini, ili mbao zisipasuke kwa jua. Chombo kilipandishwa pwani na kazi hiyo ikarudiwa kwa ratiba. Sisi wa maziwa tumenunua faiba tukadhani tumeununua uvivu. Faiba nayo inataka ratiba: nta mara tatu au nne kwa mwaka, tabaka mbili, kila moja ikipakwa kivulini, ikiachwa ikauke, kisha ikifutwa kwa kitambaa kikavu.

Lakini kazi iliyo kubwa kuliko nta huchukua dakika 15, na wengi huiruka: kuikausha boti kwa mkono mara tu baada ya kuiosha. Kitambaa cha ngozi laini au taulo safi linaloshika maji hunyanyua madini yakiwa bado ndani ya maji, kabla hayajageuka jiwe. Osha asubuhi au jioni. Anza juu ushuke chini. Fungua kizibo cha chini, maji yote yatoke, na kama ulikuwa Naivasha, kagua trela na injini usibakishe hata jani la gugumaji, hasa ukiwa unakwenda Baringo.

Kwa kusuuza mara ya mwisho, tumia maji ya mvua. Ndoo mbili za lita 20 zinatosha boti ya mita 6 ukimwaga kwa kikombe badala ya mpira, na paa la mabati la nyumba ya kawaida hapa Kiamunyi hukusanya kiasi hicho kwa mvua moja nzuri. Acha maji ya kwanza yaoshe vumbi la paa yamwagike, ndipo ukinge. Mvua ndefu huanza Machi. Kama tangi lako bado halijaunganishwa na gata, mwite fundi kabla ya hapo.