Baruani Ndume: mwanafunzi wa Nyarugusu aliyewatetea watoto wakimbizi kwa redio

Alikimbia Kongo akiwa na umri wa miaka 7, bila baba wala mama. Vita ilikuwa imefika kijijini kwao, na katika mbio za siku hiyo akapotezana na wazazi wake. Mwaka 2009, akiwa na miaka 16 na bado mwanafunzi kambini Nyarugusu, Baruani Ndume alisimama mjini The Hague, Uholanzi, akapokea Tuzo ya Kimataifa ya Amani ya Watoto kutoka mikononi mwa Wangari Maathai wa Kenya.

Kwa wakaaji wa Uvira, Baraka na Fizi, jina la Nyarugusu si geni. Kambi hiyo iko wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Ilifunguliwa mwaka 1996, mwaka uleule ambao vita iliingia Uvira mwezi Oktoba na watu wakapanda mitumbwi na maboti. Vita ya pili, ya mwaka 1998, ikawaongeza wengine. Ni vigumu kupata mtaa wa Uvira usio na familia yenye ndugu aliyepitia huko.

Kijana huyo hakuanza na mikutano ya mahoteli wala semina. Alianza na redio. Kipindi chake kiliitwa Sisi kwa Sisi, na kilipita kwenye Redio Kwizera, kituo kinachosikika magharibi mwa Tanzania na ng'ambo ya mipaka. Watoto wakimbizi walialikwa kusema wenyewe shida zao, badala ya kusemewa na wakubwa.

Redio ilifanya kazi ambayo karatasi za ofisini zisingeweza. Lugha ya kipindi ni Kiswahili, na Kiswahili hakikomi mpakani: anayesikiliza Kigoma anaelewa, anayesikiliza pwani ya Kongo anaelewa, hata Burundi wengi wanaelewa. Jina la mtoto na la kijiji alikotoka likitajwa hewani, jirani wa zamani au mjomba anaweza kulitambua. Kwa njia hiyo kipindi kilisaidia watoto kuwatafuta wazazi wao, kazi iliyoendeshwa na mtoto ambaye yeye mwenyewe alikuwa amewapoteza wake.

Baruani alishiriki pia kuanzisha bunge la watoto kambini. Kupitia bunge hilo, mahitaji ya watoto yalifikishwa kwa wenye kuamua: Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), serikali ya Tanzania na shirika la World Vision. Hapo ndipo utetezi unapoacha kuwa malalamiko tu. Mtoto anaposema darasani hakuna nafasi, neno lake linafika kwenye meza inayogawa pesa.

Na maamuzi ya masomo kambini si madogo. Watoto wa Kongo walioko Nyarugusu wamesoma kwa programu ya Kongo, kwa Kifaransa, ndani ya nchi ambayo shule zake zinafundisha kwa Kiswahili na Kiingereza. Sababu yake inaeleweka: mkimbizi anatarajiwa kurudi. Mtoto aliyerudi nyumbani kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, safari zilizoanza kuandaliwa na UNHCR mwaka 2005, angeweza kuingia darasa la Kongo bila kuanza upya. Lakini aliyebaki kambini miaka 10 au 15 anamaliza sekondari kwa lugha isiyomsaidia sana nje ya uzio wa kambi. Mpango huo ulimfaa aliyerudi kuliko aliyebaki, na waliobaki ni wengi.

Tuzo aliyopewa hutolewa na shirika la KidsRights la Uholanzi tangu mwaka 2005, na wakati huo iliambatana na euro 100.000 zilizoelekezwa kwenye miradi ya watoto. Malala Yousafzai wa Pakistan aliipata mwaka 2013, miaka minne baada ya kijana huyu wa Kongo. Ajabu ni kwamba Malala anajulikana na kila mwanafunzi, na Baruani hata huku kwetu wengi hawamjui.

Mwaka huohuo wa 2009, tarehe 10 Januari, Kongo ilitangaza sheria ya kulinda mtoto, inayokataza kumwingiza mtoto jeshini au katika makundi ya silaha. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, ilikuwa tayari imesema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Wazazi walingoja hadi Septemba 2019 ndipo serikali ikaanza kulitekeleza nchini kote. Yaani mtoto aliyezaliwa mwaka katiba ilipotangazwa alikuwa amefikia umri wa kumaliza shule ya msingi, na wazazi wake walikuwa wamelipa miaka yote.

Februari 2025, Bukavu ilipoanguka mikononi mwa M23, makumi ya maelfu ya watu walivuka tena, safari hii mto Ruzizi kuingia Burundi. Wengi walilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, mkoani Cibitoke, na kati yao walikuwemo watoto waliofika bila wazazi wao.