Kutoka Uta hadi Mota: Kuboresha Kerezo kwa Vipuri vya Mashine Kuukuu

Utangulizi

Kukereza ni kuchonga kipande cha mti kwa patasi huku kikizunguka, hata kipate umbo la mviringo. Chombo cha kazi hiyo ni kerezo, nomino iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi kereza kama vile pigo linavyotokana na piga. Miguu iliyonakshiwa ya vitanda vya Lamu ni zao la ufundi huu. Makala haya yanaeleza jinsi kerezo la kujitengenezea linavyoweza kuboreshwa kwa vipuri vinavyouzwa kama vyuma chakavu.

Upungufu wa Kerezo la Uta

Katika kerezo la kale, kipande hushikwa baina ya ncha mbili za chuma na kuzungushiwa kamba ya uta. Uta unapovutwa na kusukumwa, kipande huenda mbele kisha hurudi nyuma. Patasi hukata kinapomjia fundi tu, kinaporudi, huondolewa. Hivyo basi, nusu ya mwendo hupotea, na mkono mmoja hushughulishwa na uta.

Vipuri na Matumizi Yake

Kipuri cha kwanza ni pampu ya maji ya gari. Ndani yake mna mhimili na beringi zilizokwisha kulinganishwa kiwandani, kwa hivyo kipande hakiyumbi. Upande mmoja hufungwa kapi la mkanda. Upande wa pili, pangaboi likishaondolewa, hufungwa bamba lenye meno ya kushika mti. Kuchomelea hakufai, kwa kuwa joto huharibu grisi ya beringi.

Cha pili ni chanzo cha nguvu. Pasipo na umeme, kanyagio na gurudumu la cherehani kuukuu huzungusha mhimili upande mmoja bila kurudi nyuma, na mikono yote miwili huwa huru. Penye umeme, hutumiwa mota.

Suala la Kasi

Hapa ndipo penye hatari. Mota yenye ncha nne za sumaku, katika umeme wa hezi 50, huzunguka takriban mara 1,400 kwa dakika. Kwa mguu wa kiti wenye kipenyo cha sentimita 5, ukingo wa mti husafiri chini ya mita 4 kwa sekunde. Kwa bakuli la sentimita 30, kasi hiyo hiyo ya mota huupeleka ukingo takriban mita 22 kwa sekunde. Mti wenye ufa waweza kupasuka na kumrukia fundi usoni. Dawa yake ni makapi. Kapi la sentimita 5 kwenye mota na la sentimita 10 kwenye mhimili hupunguza mizunguko hadi 700. Kwa bakuli kubwa na zito, hupunguzwa zaidi.

Aidha, egemeo la patasi liwe karibu na mti bila kuugusa, mkanda ufunikwe, na fundi avae miwani wala asivae mikono mirefu iliyolegea. Wahenga walinena: tahadhari kabla ya hatari.

Hitimisho

Imebainika kwamba kerezo, kapi, mhimili, beringi na egemeo vyatosha kueleza kazi nzima kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa lugha anayeyakusanya maneno haya karakanani na kuyaandika vyema humkinga fundi chipukizi, kwani onyo lisiloeleweka halimwokoi mtu.