Alaimenti ya gari la chini: Kilicho rahisi hugeuka ghali

HANDENI: Wenye Toyota Altezza na Subaru Impreza zilizoshushwa springi wanashauriwa kuchagua kwa makini fundi wa alaimenti, la sivyo faida ya bei nafuu itaishia kwenye duka la tairi.

Gari likishushwa, magurudumu huinamia ndani kwa juu na vipimo vya mbele na nyuma huhama. Tairi hulika upande wa ndani, ambako mwenyewe haoni kwa urahisi.

Fundi wa kamba hutoza kidogo, na aliye makini hunyoosha tairi za mbele vizuri. Lakini kamba haipimi mwinamo. Mwandishi wa safu hii aliwahi kulipia kazi hiyo. Usukani ulitulia, ila tairi mbili za nyuma ziliisha hadi waya.

Kabla ya kwenda kwenye mashine, tuseme Tanga mjini, piga simu uulize: Je, inapima magurudumu yote manne? Gari la chini litapanda bila kukwaruza bampa? Karatasi ya vipimo vya kabla na baada inatolewa? Jibu likiwa "hapana", tafuta kwingine.

Bushi na boljointi zilizolegea zibadilishwe kwanza, kwani juu yake alaimenti haikai.

Hesabu ni nyepesi: jumlisha mafuta ya safari na malipo ya fundi, kisha linganisha na bei ya tairi mbili mpya.