Pikipiki Kuukuu: Breki Kwanza, Rangi Baadaye

Wengi wetu hatuna fedha za kununua pikipiki mpya. Lakini mara nyingi kuna pikipiki kuukuu nyuma ya nyumba ya mtu. Kuku wanalala juu yake. Mwenyewe anasema imekufa. Huenda haijafa.

Mimi ni bwana shamba huku Lushoto. Nilinunua moja ya namna hiyo, Honda CG125. Nilitoa fedha sawa na bei ya mbuzi watatu.

Kabla ya kulipa nilitazama kadi. Namba ya fremu na namba ya injini lazima ziwe zile zile zilizoandikwa kwenye kadi. Kama hazifanani, usinunue. Utanunua kesi.

Pikipiki za CG125 zilianza kutengenezwa mwaka 1976. Honda waliziunda kwa ajili ya nchi ambako mizigo ni mizito na oili huchelewa kubadilishwa. Valvu zake husukumwa na fito mbili. Fundi wa kijijini anaweza kuifungua injini na kuifunga. Baadaye viwanda vya China vilifuata muundo huo, na bodaboda nyingi za leo zina injini za namna hiyo. Ndiyo sababu vipuri vyake ni rahisi kupata. Lakini usiende dukani ukasema, "Nipe pistoni ya bodaboda." Pistoni ya 125 ina upana wa milimita 56.5. Ya 150 ina milimita 62. Chukua ile ya zamani uende nayo.

Sasa nitaeleza kosa langu. Injini ilipowaka nilifurahi sana. Fedha zilizobaki nikanunua rangi ya kijani na kiti kipya. Breki nikasema zitangoja mavuno. Siku moja nilikuwa nashuka kutoka Bumbuli. Mvua ilikuwa imenyesha, na nyuma nilikuwa na gunia la mbegu za maharage. Nikakanyaga breki. Kikanyagio kilizama mpaka chini, lakini pikipiki haikupunguza mwendo. Mbele walikuwa watoto wanatoka shule. Niliigonga kingo ya barabara kwa makusudi. Mguu wangu ulivunjika. Watoto walikuwa salama. Nilikaa wiki saba bila kufanya kazi, na gharama yake ilipita mbali bei ya viatu vya breki.

Basi, ndugu zangu, anza na breki. Ndani ya kitovu cha gurudumu mna viatu viwili vinavyobana. Nje iko nati ya kukazia. Nati hiyo ikiwa imekazwa mpaka mwisho, viatu vimekwisha. Badilisha vyote viwili, mbele na nyuma. Vilivyolowa oili navyo havifai. Usipulize vumbi la ndani kwa mdomo. Breki za zamani huweza kuwa na asbesto, nayo huharibu mapafu. Futa kwa kitambaa chenye maji, kisha kitupe.

Baada ya breki tazama tairi, beringi za magurudumu na spoku. Halafu oili. Injini hii inahitaji karibu lita moja tu. Mtu anayekosa fedha ya lita moja ya oili atazipata wapi fedha za pistoni?

Tangi likiwa na kutu, petroli hupita na uchafu na kuziba kabureta. Mwaga petroli yote mbali na moto. Tia maji ya sabuni na kokoto ndogo, tikisa, suuza, kisha anika mpaka likauke kabisa. Tangi likitoboka, usikubali lichomelewe kabla halijaoshwa vizuri. Hata likiwa tupu, hewa ya petroli iliyomo hulipuka na huweza kumuua fundi.

Nimebadilisha mambo mawili tu. Kwanza, nimeweka keria imara ya chuma kwa ajili ya mizigo. Pili, nimebadilisha sproketi ya mbele, yaani lile gurudumu dogo lenye meno linalovuta cheni. Ilikuwa na meno 15. Nikaweka ya meno 14. Sasa inapanda milima kwa nguvu zaidi. Lakini pale injini ilipozunguka mara 14, sasa inazunguka mara 15. Kwenye barabara tambarare mwendo umepungua, na petroli inaliwa zaidi. Kama kwenu ni tambarare, acha ile ya zamani.

Vijana walinishauri niondoe kasha la kufunika cheni ili pikipiki ipendeze. Nilikataa. Kasha hilo huzuia matope na vumbi visile cheni. La kwangu limebonyea na lina kutu, lakini bado lipo. Ile rangi ya kijani imekwisha kuchunika yote.