Mtandao wa Simu Uwe Kama Reli ya Kaniama

Alama hii, #, Waswahili wengi huiita reli. Kaniama, katika jimbo la Haut-Lomami huko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jina hilo lina uzito wake, maana huu ni mji wa reli. Njia ya kutoka Bukama hadi Ilebo ilizinduliwa mwaka 1928, ikapita hapa. Hadi leo kampuni ya reli ndiyo yenye njia, lakini mahindi yaliyomo ndani ya behewa ni ya mkulima. Mwenye gunia hulipia mzigo, gunia likasafiri kwenda Kasai.

Reli ya pili iko mkononi mwetu. Mtu mwenye simu ndogo ya vitufe anabonyeza *1122#, na orodha ya M-Pesa, huduma ya fedha ya Vodacom, inafunguka, kwa dola au kwa franga. Ombi lake halipiti kwenye intaneti. Linapita katika njia ileile ambayo simu hutumia kuwasiliana na mnara. Skrini moja hubeba herufi zisizozidi 182. Nafasi ni finyu, lakini inatosha kumwonyesha mkulima bei ya mahindi ya leo huko Mwene-Ditu na Mbuji-Mayi kabla hajauza gunia lake kwa mchuuzi wa kwanza. Inatosha pia kuweka hesabu ya likelemba, mchango wa zamu wa akina mama: nani ametoa, nani bado, zamu ni ya nani.

Kijana wa Kamina anayejua kuandika programu anaweza kuitengeneza huduma hiyo. Kinachomkwamisha ni mlango. Ili afikie wateja wengi anahitaji mapatano na kampuni za simu: Vodacom, kisha Airtel, kisha Orange, kila moja kwa masharti yake. Na kampuni inayompangia bei ya kupita ina huduma zake yenyewe kwenye njia hiyohiyo. Hapo mwamuzi naye anacheza.

Kenya wameshapita hapo. Kampuni ya simu ya Safaricom ilianzisha M-Pesa mwezi Machi 2007, na kwa miaka mingi programu za nje zilibisha hodi kwa taabu. Mwaka 2017 kampuni ilizindua mfumo ulioitwa Daraja: mwandishi wa programu hujisajili mtandaoni, hujaribu kazi yake bila kugusa fedha za mtu, halafu huomba idhini ya kuanza kazi yenyewe. M-Pesa haikudhoofika kwa hilo. Kabla ya hapo, Japani, kampuni ya NTT DoCoMo ilianzisha i-mode, huduma ya intaneti kwenye simu, mwaka 1999 ikawakaribisha watu wa nje, ikawatoza asilimia 9 tu kwa kuwakusanyia malipo kutoka kwa wateja. Mamilioni ya Wajapani waliifuata.

Kampuni zina hoja, na ni haki kuzisikiliza. Mitandao zimeijenga kwa fedha zao, na mlango ukiachwa wazi mwizi naye huingia. Sisi Wakongo hatujasahau tozo iliyoitwa RAM. Kuanzia Septemba 2020, salio la mteja lilikatwa kwa ajili ya daftari la kusajili simu, na wengi waliona tu krediti imepungua. Watu walilalamika mpaka tozo hiyo ikafutwa mwanzoni mwa 2022. Somo ninalolipata hapo ni hili: njia ifunguliwe, lakini mfuko wa mteja ubaki umefungwa kwa ufunguo wake mwenyewe. Programu yoyote, iwe ya serikali, ya kampuni au ya kijana wa mtaani, isiguse hata franga moja kabla mwenye simu hajaweka namba yake ya siri.

Nchi yetu ina sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020, na ina msimamizi, ARPTC. Namwomba msimamizi huyo mambo matatu. Bei ya kupita kwenye njia ya nyota na reli (* na #) itangazwe hadharani, iwe moja kwa wote, pamoja na huduma za kampuni zenyewe. Anayeomba namba ya huduma, mfano wa *1122#, ajibiwe ndani ya muda uliowekwa. Na akikataliwa, apewe sababu kwa maandishi.

Mkulima wa Kaniama hana haja ya kungoja simu ya bei kubwa. Aliyonayo mfukoni inatosha, afunguliwe njia.