Handaki Lisilotajwa: Barua za Askari wa KAR kutoka Burma hadi Miteremko ya Meru, 1944–1945

Uchambuzi wa barua za vita umejengwa zaidi juu ya maandishi ya askari wa Ulaya waliopigana Ufaransa kati ya 1914 na 1918, ambayo husimulia matope, panya na mizinga. Mtafiti akizifanya barua hizo kuwa kipimo, huelekea kudhani kwamba askari wa Tanganyika wa Vita vya Pili vya Dunia hakuwa na la kusema. Dhana hiyo haikubaliki.

Askari huyo aliyajua mahandaki. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vikosi vya 26 na 36 vya King's African Rifles (KAR) kutoka Tanganyika, ilipita bonde la Kabaw nchini Burma katika msimu wa mvua wa 1944, ikavuka mto Chindwin mwezi Desemba. Wajapani walijichimbia vilimani na kufunika mahandaki yao kwa magogo na udongo. Vilima hivyo vilitwaliwa kwa miguu, ndani ya tope.

Ukimya wa barua una sababu. Wakaguzi wa jeshi walizifungua, na kutaja mahali au kikosi kulikatazwa. Hata hivyo, mkaguzi peke yake haelezi jambo lote. Barua ya Kiswahili ina adabu yake: hutanguliza salamu kwa wakubwa na wadogo, ikatoa habari ya uzima, ndipo ifikie haja. Wala haikuwa siri ya watu wawili. Askari asiyejua kuandika aliandikiwa na mwenzake. Nyumbani, mzazi asiyejua kusoma alisomewa na mwalimu au kijana wa shule ya misheni, jamaa wakisikiliza. Katika hadhara kama hiyo mwana hamsimulii mama yake habari za maiti.

Kwa hiyo uzito wa barua hizi utafutwe katika haja: mke, mifugo, fedha za matumizi, mpaka wa shamba. Swali kuhusu shamba, likitoka kwa mtu aliyelala shimoni, ni habari ya vita pia, kwa kuwa linaonyesha anachohofia kukikosa akirudi. Kwa Mmeru, ambaye ardhi yake ilibanwa na mashamba ya walowezi, hofu hiyo haikuwa ya bure. Mnamo Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika kumbukumbu zenyewe. Sehemu kubwa ya kinachosomwa leo ni vipande vilivyonukuliwa katika ripoti za wakaguzi, vikiwa vimetafsiriwa kwa Kiingereza, na vilichaguliwa ili kupima ari na manung'uniko ya askari. Salamu, ambazo kwa msomaji wa Kiswahili ndizo nusu ya barua, hazikuwa na kazi katika ripoti ya namna hiyo. Neno ambalo askari alilitumia kulitaja shimo lake, liwe handaki au neno la Kimeru, nalo lilipotea katika tafsiri hiyo.